Sita kwenye gari la watano: jibu kwa dada wa Kisauni

SWALI: Tunaishi Kisauni, ndani kidogo ukitoka barabara kubwa. Tuko mimi, mume wangu, watoto watatu (miaka 11, 7 na 2) na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Tuna Vitz ya zamani. Mume wangu ni mrefu, akirudisha kiti nyuma mtoto hana pa kuweka miguu. Wikendi napika kwa ajili ya sherehe, kwa hiyo nabeba sufuria mbili kubwa, jiko na mtungi wa gesi wa kilo 13. Gari kubwa hatulitaki kwa sababu kichochoro chetu ni chembamba na mafuta ni ghali. Tunafikiria Fit, Note au Fielder. Ipi ina nafasi na raha zaidi? Na kwa joto letu hili, tuchukue rangi gani?

JIBU: Dada yangu, kabla sijagusa gari hata moja, hebu hesabu tena watu uliowaandika. Wewe, mume, watoto watatu, mama mkwe. Hao ni sita. Fit ni ya watu watano. Note watano. Fielder, pamoja na urefu wake wote, watano.

Najua mnavyofanya sasa kwenye Vitz: mdogo anapakatwa. Sote tumelelewa hivyo, tukipakatwa na shangazi mpaka Malindi. Lakini dereva akikanyaga breki ghafla kwa sababu ya tuktuk iliyokata mbele yake pale Bombolulu, mtoto wa kilo 12 anaendelea mbele kwa kasi ileile gari lililokuwa nayo, na hakuna mkono wa mama unaomzuia. Kwa hiyo swali lako si ipi kati ya hizo tatu ina nafasi zaidi. Hizo tatu zote zimeshindwa mtihani kabla ya karatasi kugeuzwa. Nitazieleza hata hivyo, maana wako wasomaji wenye familia ya watu wanne ambao swali lao ni hilohilo, na pia kwa sababu ukielewa zinavyotofautiana utaelewa kwa nini nakupeleka kwingine.

Anza na kichochoro, ambacho ndicho kimewatia hofu. Kule Japani magari madogo yana daraja lao la usajili, na ili gari liingie humo lisizidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2 na injini ya sisi (cc) 2000. Waundaji hujibana wasivuke mpaka huo. Ndiyo maana ukipima Fit iliyotoka 2013, Note ya 2012, Fielder ya mwaka huohuo na hata Toyota Sienta ya 2015 yenye viti saba, zote zina upana wa milimita 1695. Na Vitz yenu, kama ni ya 2005 kuja huku, ina 1695 vilevile. Kama Vitz inapita kichochoroni, hizo zote zitapita. Kinachobadilika ni urefu, na urefu utausikia kwenye kona na pale mnapoegesha, si kwenye kuta.

Hilo lina upande wake wa pili ambao wauzaji hawausemi. Kama upana ni mmoja, mabega ya watu watatu kwenye kiti cha nyuma yatabanana sawasawa katika gari lolote kati ya haya. Hakuna gari la daraja hili ambalo watu wazima watatu watakaa nyuma mpaka Voi wakashuka wakiwa bado marafiki. Mwundaji anabakiwa na vitu vitatu tu vya kuchezea: urefu, kimo, na mahali pa kuficha vyuma kama tangi la mafuta. Humo ndimo magari haya yanamotofautiana, na Fit ndiyo mfano wangu ninaoupenda.

Tangu Fit ya kwanza ya 2001, Honda walilitoa tangi la petroli chini ya kiti cha nyuma, mahali ambapo karibu kila gari dogo huliweka, wakalisogeza chini ya viti vya mbele. Matokeo yake, chini ya kiti cha nyuma cha Fit ni patupu. Unainua kikalio, kinasimama wima kikiegemea mgongo wake kama kiti cha sinema, na nyuma ya dereva unabaki na chumba kutoka sakafuni hadi darini, kimo cha zaidi ya sentimita 120. Sufuria lako kubwa ukiliweka hapo linakaa wima, limeshikwa mbele na nyuma, na mfuniko haugusi kitu. Mkungu wa ndizi kutoka Kongowea unasimama kama abiria. Kama mngekuwa wanne na sufuria zako, ningekuambia nenda kachukue Fit na usiendelee kusoma.

Note imetumia urefu wake kwa magoti. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ina milimita 2600, ilhali Fit ina 2530 na Vitz iliyotoka 2010 ina 2510. Sentimita saba au tisa zinasikika kidogo kwa maneno, lakini zote zinaishia kwenye nafasi ya miguu ya nyuma, na mtu mrefu kama mumeo akikaa mbele ndipo utakapoziona. Buti yake haina werevu wa Fit. Note nyingi nilizozifungua, viti vikilazwa vinaacha ngazi sakafuni, na sufuria lenye pilau haliipendi ngazi. Demio, ile ya Mazda, hukuitaja, na nakupongeza. Ni gari tamu kuliendesha na limependeza kwa nje, lakini kiti cha nyuma kinafaa watoto na mikoba.

Fielder ni buti. Lita 407 viti vikiwa vimesimama, sakafu ndefu, na mafundi wa Mombasa wanaifahamu gizani. Kasoro yake kwenu ni kimo. Unashuka kuingia Fielder, halafu unapanda kutoka. Mtu mwenye magoti mabovu hahitaji kiti laini, anahitaji kiti ambacho akigeuka na kukaa, makalio yake hayaendi chini ya magoti. Mtazame mama mkwe anavyonyanyuka kutoka kwenye kochi la chini na anavyonyanyuka kutoka kwenye kiti cha meza ya kulia. Fielder ni lile kochi.

Sasa hizo lita. Muuzaji atakutajia lita kama anavyotaja bei, kwa ujasiri. Lita za buti kwa kawaida hupimwa kwa kujaza vijisanduku vya lita moja moja, vya sentimita 20 kwa 10 kwa 5, mpaka visiingie tena, kisha vinahesabiwa. Vijisanduku hivyo vinaingia kila kona, pembeni mwa matairi, na mara nyingi hata kwenye shimo lililo chini ya zulia. Sufuria haliingii kwenye kona. Gari moja linaweza kuwa na lita nyingi zilizotawanyika pembeni na lisilimeze sufuria lako, na lingine lenye lita chache likalimeza kwa utulivu.

Buti ina mdomo na ina tumbo, na watu hupima tumbo wakasahau mdomo. Baina ya matairi ya nyuma, tumbo la magari haya huwa karibu mita moja. Mdomo, yaani uwazi mlango ukiwa juu, huwa mwembamba kuliko hapo, na kwa baadhi unazidi kubana kwenda juu kwa sababu ya taa na mteremko wa kioo. Jirani yangu mmoja alipima buti ya gari lake jipya kwa tepu, akaridhika, akalipa. Siku ya kwanza ya kazi sufuria liliingia vizuri, likakaa vizuri, na mlango haukufunga. Masikio ya sufuria yalikuwa yanagusa kioo kilicholala. Alikwenda Mtwapa buti imefungwa kwa kamba, harufu ya pilau ikiwatangulia wageni wenzake njia nzima. Kwa hiyo unapokwenda yadi, usibebe tepu. Beba sufuria. Kubwa kuliko zote, pamoja na mfuniko wake. Watakucheka kidogo, wacha wacheke.

Na ukiwa hapo, inua zulia la buti. Mengi ya magari madogo yanayoshuka bandarini hapa hayana spea. Yametoka Japani na chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme. Gundi hiyo haikusaidii kitu tairi likipasuka ubavuni kwa ukingo wa lami uliomeguka. Utanunua spea, na spea itataka pa kukaa, na kama shimo lake halipo au ni la kina kifupi, zile lita ulizosomewa zimepungua siku hiyohiyo. Uliza mapema spea itakaa wapi, halafu ndipo uingize sufuria.

Nimezunguka sana. Gari lako, kwa maoni yangu, ni Sienta ya umbo lililotoka 2015, yenye viti saba. Lile lililofuata, la 2022, ni zuri zaidi lakini bei yake bado inauma. Sienta ya 2015 ina urefu wa milimita 4235, kwa hiyo imeizidi Vitz yenu kwa sentimita 35 hadi 48, kutegemea umri wa Vitz yenyewe. Hizo ndizo utakazozihisi unapoegesha. Kutoka gurudumu hadi gurudumu ina 2750, ambayo Note haiifikii. Kimo chake ni mita 1.67 na kitu, kwa hiyo mtu anaingia akiwa ameinama kidogo tu, na kizingiti cha mlango wa pembeni kiko sentimita 33 hivi kutoka ardhini, kama kidato cha ngazi kilichoinuka kidogo. Na mlango wenyewe unateleza. Ukiegesha karibu na ukuta huko kwenu, au Marikiti ambako gari la jirani limekubana mpaka kioo cha pembeni, mlango wa kuteleza unafunguka wote bila kuomba ruhusa ya mtu, na bibi mwenye buibui anashuka miguu miwili kwa pamoja badala ya kujipinda kama samaki.

Angalieni sana idadi ya viti. Sienta ziko za watu saba na ziko za watu sita, na tangu 2018 ikatoka pia ya watu watano yenye buti ndefu, ambayo kwa nje haina tofauti mtu asiyejua ataiona. Freed nayo, gari la Honda la safu tatu, ile iliyotoka 2016, ina ndugu yake wa safu mbili aitwaye Freed+. Nimemwona mtu akilipa amana ya gari la familia kwa kutazama picha za nje tu. Hesabu mikanda kwa mkono.

Freed si mbaya hata kidogo, na kama mtaipata safi msiikatae. Ninaipendelea Sienta kwa sababu moja: namna safu ya tatu inavyokunjwa. Kwenye Freed viti vya tatu vinainuliwa na kuning'inizwa pembeni, kulia na kushoto. Ni vizito kuinua, vinakula upana wa buti, na upana ndio unaoutaka kwa sufuria. Kwenye Sienta kiti cha safu ya pili kinakunjwa na kupinduliwa mbele, kile cha tatu kinalala na kuteleza chini yake, kisha cha pili kinarudi mahali pake. Ukimaliza, sakafu ni tambarare, na hakuna anayejua kwamba kulikuwa na viti. Hitilafu yake ni kwamba huwezi kufanya hivyo mtu akiwa amekaa safu ya pili. Amua kabla watu hawajapanda, la sivyo utamshusha mama mkwe mara mbili na hatakusamehe.

Viti viwili vya safu ya tatu vinakunjwa kimoja kimoja. Hapo ndipo jibu lako lilipo, kwa hiyo nisimame kidogo.

Siku yako ya kazi si siku ngumu, ingawa wewe unaiona hivyo. Jumamosi ya kupika ni wewe na mumeo, labda na msaidizi mmoja. Laza safu ya tatu yote, kunja na ya pili, una gari la mizigo. Siku ngumu ni Idi, mnapokwenda kwa ndugu Ukunda au Kilifi, wote sita, na huwezi kwenda mikono mitupu. Gari dogo ni sanduku moja. Abiria na mizigo wanagombea nafasi ileile, na viti vyote saba vikisimama, buti ya Sienta inabaki ya mifuko michache ya sokoni na viatu. Basi panga hivi. Mume anaendesha, mama mkwe mbele kushoto, ambako kiti kinarudi nyuma na anakunjua miguu. Safu ya pili, mdogo kwenye kiti chake cha mtoto upande wa kulia, nyuma ya dereva, wewe katikati, wa miaka saba kushoto. Mkubwa wa miaka 11 anakaa safu ya tatu peke yake, na kiti cha jirani yake kimelazwa. Nafasi hiyo iliyoachwa, kutoka mlango wa nyuma mpaka mgongo wa safu ya pili, ndiyo ya mizigo.

Kiti cha mtoto nimekiweka kulia kwa makusudi. Kikishafungwa kwenye vishikizo vyake, upande huo wa safu ya pili haupinduki tena kwa urahisi. Mkubwa anahitaji njia ya kupita kwenda nyuma, na njia yake iwe kushoto, upande wa pembeni mwa barabara, si upande wa malori. Kichwa chake nacho kiko karibu na kioo cha nyuma, kwa hiyo kile kiegemeo cha kichwa kiinuliwe mpaka usawa wa masikio yake kila safari. Mizigo iliyo pembeni yake ifungwe. Sufuria tupu lisilofungwa linaruka kama lile lenye pilau.

Halafu kuna uzito, jambo ambalo sijawahi kumsikia muuzaji akilitaja. Katika karatasi za gari la Japani kuna uzito wa gari tupu na uzito wa jumla. Uzito wa jumla unapatikana kwa kujumlisha kilo 55 kwa kila kiti. Kilo 55! Ni mtu mzima wa Kijapani wa kwenye karatasi, si mjomba wangu. Gari la watano limehesabiwa kilo 275 za watu na vitu vyao, na Sienta ya saba kilo 385. Tukadirie nyumba yako: mumeo 90, wewe 75, mama mkwe 70, watoto 38, 22 na 12. Jumla 307. Mmebakiwa na 78 hivi. Kwenye Fit, mngekuwa mmeshapita kabla ya kuweka hata kikapu.

Hizo 78 zinaisha haraka. Mchele kilo 10 ukishakuwa pilau na maji na nyama yake umepita kilo 30. Mtungi wa gesi una kilo 13 za gesi na juu yake uzito wa chuma chenyewe, ambao umechapwa kwenye mtungi, usome. Sufuria mbili zilizojaa na mtungi, pamoja na watu sita, hapana. Sufuria moja, nguo na zawadi, ndiyo. Na kabla ya safari kama hiyo ongezeni upepo wa matairi ya nyuma kufuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Keria ya juu isikushawishi. Inabeba vitu vyepesi, magodoro na mikeka, na kila kilo iliyo darini inalifanya gari la kimo kama hiki liyumbe kwenye upepo wa Daraja la Nyali.

Mtungi wa gesi nina neno nao la peke yake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya gari haipandi ikatoka dirishani. Inashuka na kutulia sakafuni, na buti ya gari la familia haina ukuta unaoitenga na watu. Mtungi usimame wima, valvu imefungwa, regyuleta imetolewa, umefungwa kwa mkanda usibingirike, na madirisha wazi hata kama kuna AC. Safiri nao siku ya kazi, si siku ya watoto. Ukifika, mtungi ndio wa kwanza kushuka, usiuache garini juani ukaenda kusalimia wenye harusi.

Tuje kwenye raha, ambayo Mombasa karibu yote ni joto. Gari lililoegeshwa juani hapa, nje ikiwa nyuzi 32, ndani linaweza kupanda nyuzi 20 zaidi ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko ni nusu saa ya kwanza. Kwa hiyo hakuna kumwacha mtoto "dakika mbili tu". Ukirudi, fungua dirisha la upande mmoja na mlango wa upande wa pili, upige ule mlango mara tano sita kama unapepea jiko. Hewa ya moto inasukumwa nje na kiyoyozi kinaanza kazi mahali pazuri. Dakika mbili za mwanzo endesha madirisha yakiwa wazi, kisha funga na uweke hewa izunguke ndani.

Ukinunua, kijaribu kiyoyozi saa sita mchana, gari likiwa limesimama na injini inanguruma, dakika kumi kamili. Muuzaji atakuambia ulizungushe gari barabarani. Kataa. Barabarani upepo unapoza kondensa, ile rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele ya gari, bure, na kiyoyozi kibovu kinaonekana kizima. Foleni ya feri ya Likoni haina upepo. Hata kama siku hizi mnaweza kuzungukia Dongo Kundu, foleni hamzikosi mjini hapa. Kikipoa ukienda na kupasha ukisimama, tazama feni ya kondensa kwanza, halafu gesi ya kiyoyozi. Na ichungulie kondensa yenyewe kupitia matundu ya bampa la mbele: chumvi ya bahari huzila zile tepe nyembamba za alumini mpaka zikamong'onyoka kama majani makavu. Magari mengi yakitoka Japani yana kifaa kinachozima injini kwenye taa nyekundu. Injini ikizimika, kompresa, yaani pampu ya kiyoyozi, ya gari la petroli nayo inasimama. Kuna kitufe cha kukiua. Kitumie.

Halafu mwambie huyo mtoto wa miaka 11 akae safu ya tatu, wewe kaa naye. Magari ya ukubwa huu kwa kawaida hayana matundu ya kiyoyozi nyuma huko, hewa yote inatoka deshibodi. Kama baada ya robo saa bado mnatokwa jasho, fungua kijisanduku cha deshibodi, toa chujio la hewa la ndani, litazame. Mara tisa kati ya kumi nimelikuta jeusi, lina majani na vumbi, na tatizo likaishia hapo kwa bei isiyofika ya chakula cha mchana cha familia.

Mkiamua kuchukua haibridi, yaani gari la petroli na betri, na Sienta za haibridi zipo, tafuteni tundu la kupozea betri lilipo na msilizibe. Kwenye Aqua, haibridi ndogo ya Toyota, kwa mfano, liko ubavuni mwa kiti cha nyuma, na nimekuta watu wameliwekea mto wa mtoto. Betri hiyo inavuta hewa ya ndani ili ipoe. Ikinyimwa hewa kwenye joto letu, umri wake unakatika, na bei yake unaijua au utaijua.

Kava za ngozi bandia, zile zinazouzwa kila kona, sizipendi hapa. Zinapata moto, zinashika jasho, na zile zilizoshonwa zikafunikwa pembeni huweza kuzuia mfuko wa hewa ulio ubavuni mwa kiti cha mbele usitoke siku unapohitajika. Kitambaa cha kiwandani kinachofuliwa kinatosha. Kwa mwagiko wa mchuzi, tandika leso kuukuu.

Magurudumu nayo ni raha. Sienta ziko zenye tairi za 185/60R15 na ziko zenye rimu za inchi 16 na tairi nyembamba za 195/50. Chukua za 15. Ile nyama ya mpira baina ya rimu na lami ndiyo godoro lako la kwanza kwenye matuta. Na fundi akikuambia gari liko chini mno, akuwekee vipande vya kuinua springi, mwambie asante, siku nyingine. Liko chini kweli, sentimita 14 na nusu hivi, lakini vile vipande hufanya gari ligonge kama mkokoteni, na anayegongwa zaidi ni aliyekaa nyuma kabisa. Endesha taratibu juu ya matuta, kwa mshazari, inatosha.

Kwenye yadi, fungua na ufunge kila mlango wa kuteleza mara kumi. Ya umeme isikie inavyonung'unika. Mchanga na chumvi huingia kwenye reli yake ya chini, na gari lililokuwa likienda pwani kila Jumapili utalijua kwa kupitisha kidole kwenye reli hiyo. Baada ya kununua, kila mkitoka ufukweni pigeni brashi kavu kwenye reli kabla ya maji.

Rangi: nje nyeupe au fedha, na usibishane na mtu. Ndani, ukipata ya krimu badala ya nyeusi, usukani utashikika saa nane mchana. Itachafuka upesi, una watoto watatu na unapika biriani, lakini hiyo ni kazi ya sabuni.